Makanisa Makuu ya Kisasa Yaliyovunja Rekodi

Karne ya 20 iliwapa wasanifu majengo zege, chuma na vioo vipana, nao wakajenga makanisa makuu ambayo mawe pekee yasingeyawezesha. Kati ya makanisa makuu yaliyojengwa tangu wakati huo, haya matano yanastahili kujulikana.

Refu kuliko yote duniani: Liverpool, Uingereza. Kanisa kuu la Kianglikana la mji huu lina urefu wa mita 189 kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Giles Gilbert Scott alishinda shindano la kulichora akiwa na miaka 22 tu. Ujenzi ulianza 1904 ukakamilika 1978, miaka 18 baada ya kifo chake.

La juu kabisa Amerika Kusini: Maringá, Brazili. Ni koni kubwa ya zege iliyochongoka hadi mita 124, msalaba ukiwemo. Lilikamilika 1972.

Bingwa wa vioo: Garden Grove, California. Philip Johnson alilifunika kwa vioo zaidi ya 10,000. Lilifunguliwa 1980 kama kanisa la Kiprotestanti. Baadaye Wakatoliki wakalinunua, likatabarukiwa kuwa kanisa kuu lao mwaka 2019.

Lenye maingilio ya ajabu kuliko yote: Brasília. Oscar Niemeyer alilisimamisha kwa nguzo 16 za zege zilizopinda, kila moja ikiwa na uzito wa tani 90. Mgeni hushuka kwanza kwenye njia yenye giza, chini ya usawa wa ardhi, kisha ghafla anatokea kwenye ukumbi uliozungukwa na vioo vya rangi, malaika watatu wakining'inia juu yake kwa nyaya. Giza lile limewekwa makusudi: humfanya mtu auone mwanga kwa nguvu maradufu.

La karatasi: Christchurch, New Zealand. Tetemeko la Februari 2011 liliharibu vibaya kanisa kuu la mawe. Shigeru Ban kutoka Japani akachora la muda bila kudai malipo. Paa lake limebebwa na mabomba ya karatasi ngumu yaliyotiwa boriti za mbao ndani, na kuta za pembeni ni makontena ya meli. Mwanga hupenya katikati ya bomba na bomba. Lilifunguliwa 2013, nalo huchukua watu 700.

Kwangu, hili la karatasi ndilo bora kuliko yote, maana liliwahi watu waliolihitaji. Wanakamati wa ujenzi wa makanisa, kabla ya kudai mnara mrefu, mwulizeni msanifu wenu mambo mawili: waumini watapata paa lini, na mwanga utaingilia wapi?