Kijiko cha Kopo Hakikisiwi

Liko swali ambalo nadhani huulizwa dukani zaidi kuliko hospitalini: mtoto aliyezaliwa juzi apewe maziwa ya kopo kiasi gani? Muuza duka, ambaye kazi yake ni kuuza, hujibu, "Kijiko kimoja kimoja tu, mama," na mteja akaenda zake. Juma hili nataka tulitazame swali hilo, kwani jibu lake ni la vipimo, na kipimo kikikosewa anayeumia hana mdomo wa kulalamika.

Niseme mapema nisije nikaeleweka vibaya. Maziwa ya mama ndiyo chakula cha mtoto, peke yake, kwa miezi 6 ya mwanzo. Hata mama mwenye virusi vya UKIMWI, maadam anatumia dawa zake sawasawa, siku hizi hushauriwa anyonyeshe. Lakini wapo watoto ambao mama zao wamefariki wakati wa kujifungua, na wengine mama zao ni mahututi wodini. Hao hawawezi kungoja hotuba zetu za kusifu ziwa la mama.

Tumbo la mtoto siku ya kuzaliwa ni dogo mno. Siku hiyo ya kwanza hesabu ni takriban mililita 60 kwa kila kilo ya uzito wake, kwa saa 24. Mtoto wa kilo 3 basi atakunywa mililita 180, na zikigawanywa mara 8 kila mlo ni kama kijiko kimoja na nusu cha mezani. Kiasi hicho huongezwa kidogo kidogo kila siku, na akitimiza juma moja huwa kimefika mililita 150 kwa kilo, au zaidi kidogo. Mtoto yule yule wa kilo 3 sasa atahitaji mililita 450 kwa siku, yaani chini kidogo ya 60 kwa kila mlo, usiku na mchana, kila baada ya saa 3 hivi. Aliyezaliwa kabla ya wakati ana hesabu yake, na hiyo ni ya daktari.

Hizo ni takwimu za kuanzia. Mtoto si debe la kujazwa mpaka alama. Akigeuza uso, ameshiba. Akitafuta kwa mdomo na kunyonya vidole, ana njaa, hata kama saa haijatimia. Baada ya siku 5 za mwanzo akojoe walau mara 6 kwa siku. Uzito hupungua kidogo siku za mwanzo, lakini ufikapo mwisho wa juma la pili uwe umerudi pale alipozaliwa nao. Mizani ya kliniki haina upendeleo.

Sasa nifike kwenye kijiko. Bibi mmoja pale Manzese analea mjukuu ambaye mama yake alifariki akijifungua. Nilimkuta akiweka kijiko kimoja mahali pa viwili. Nilipomuuliza akanijibu, "Mwanangu, nikifuata maandishi haya, kopo halifiki Jumapili." Na alikuwa na haki! Kopo la gramu 400 kwa mtoto wa kilo 3 ni la siku 6 hivi. Akifika kilo 5, ni la siku 3 au 4. Hiyo ndiyo hesabu ambayo muuza duka hamwambii mtu.

Lakini maziwa yaliyozidishwa maji ni njaa iliyotiwa rangi nyeupe. Tumbo hujaa, mtoto hunyamaza na kulala, nasi tukasema ameshiba, kumbe anakonda. Maji yakizidi sana, chumvi ya damuni hushuka na mtoto anaweza kupata degedege. Wale wanaozidisha unga ili mtoto anenepe nao wanakosea, kwani figo zake changa hulemewa na choo kikawa kigumu.

Makopo mengi hutaka kijiko kimoja kwa mililita 30 za maji, mengine kijiko kimoja kwa 60. Kwa hiyo kijiko cha kopo hili kisitumike kwa lile. Maji hupimwa kwanza, kisha unga, na kijiko kisawazishwe juu kwa kisu safi, kisifanye kilima. Maji yawe yamechemka, yakae yasizidi nusu saa, ili yakute unga yangali moto sana; unga wenyewe huweza kuwa na vijidudu. Halafu poza maziwa na uyaonje joto kwa ndani ya kifundo cha mkono. Yakikaa saa 2, mwaga. Kikombe kidogo ni bora kuliko chupa, maana chupa ina kona nyingi za kuficha uchafu.

Na unga wa maziwa ya chai, ule wa vifuko, si maziwa ya mtoto mchanga, wala yale mazito yenye sukari. Daktari Cicely Williams aliyapigia kelele hayo ya sukari kule Singapore tangu mwaka 1939. Mwaka 1981 Mkutano wa Afya wa Dunia ukapitisha kanuni za uuzaji wa maziwa haya, zikitaka maandishi ya kopo yawe katika lugha inayoeleweka na pasiwe na picha ya mtoto. Tazama rafu za maduka yetu, uone ni kopo gani linalozungumza Kiswahili.

Yule bibi nilimshauri jambo moja, nami nawashauri wengine walio kama yeye. Unapoona fedha zinakwisha, usiongeze maji. Nenda kliniki kabla kopo halijaisha, uulize msaada uliopo, na kama yuko ndugu aliyepimwa afya anayeweza kumnyonyesha mtoto. Chukua kadi ya mtoto na kopo lenyewe, ili muuguzi akusomee kipimo kilichoandikwa ubavuni mwake.