Jina la Spea na Mteremko wa Newala

Kuanzia Oktoba, minada ya korosho ikishafunguliwa na fedha kuanza kuwafikia wakulima, maduka ya pikipiki ya Masasi na Newala, kusini mwa Tanzania, huchangamka. Wengi hununua Boxer au TVS za kupigia bodaboda. Wapo pia vijana wanaotamani pikipiki za michezo kama Ducati wanazoziona kwenye simu, zenye breki za Brembo na shokapu za Öhlins, ambazo bei yake mara nyingi hupanda linapotoka toleo jipya. Wa Boxer anayechagua breki shuu dukani na wa Ducati wanajiuliza jambo moja: hela inayoongezwa kwa sababu ya jina inanunua nini hasa?

Brembo ilianzishwa Italia mwaka 1961, na Öhlins Sweden mwaka 1976. Januari 2025 Brembo ilikamilisha kuinunua Öhlins, kwa makubaliano ya dola milioni 405 za Marekani. Thamani ya jina la Öhlins huonekana wazi kwenye Ducati Panigale V4: toleo la S lina injini ileile ya toleo la kawaida, ila limefungwa shokapu za Öhlins zinazoongozwa kwa umeme na rimu nyepesi za kufuliwa. Kwa tofauti hiyo mnunuzi huongeza maelfu ya dola.

Fizikia haimpi mnunuzi wa majina haya faida kubwa mjini. Tuanze na breki. Pikipiki husimama kwa tairi kushika barabara, na breki yoyote nzima ya kawaida ina nguvu ya kufunga gurudumu kabisa. Ukienda kilomita 50 kwa saa ukafunga breki mara moja, Brembo haikusimamishi mapema sana kuliko nyingine nzuri. Ubora wake hujitokeza kwenye joto. Nishati ya mwendo huongezeka kwa mraba wa kasi, hivyo anayekwenda kilomita 250 kwa saa ana nishati mara 25 ya yule wa 50, na kwenye mashindano huimwaga sehemu kubwa kwenye diski, kona baada ya kona. Huko bei ina haki yake. Shokapu nazo zina sharti lake: za Öhlins zilizojazwa gesi ya naitrojeni zinataka fundi mwenye mtambo wa kuijaza, na bila fundi huyo karibu, umenunua kitu kitakachochakaa kama vingine.

Lakini Newala nayo ina joto lake. Mji umekaa ukingoni mwa uwanda wa juu wa Makonde, pale Shimo la Mungu ardhi inapokatika kuelekea bonde la Ruvuma. Chukua Boxer, dereva, abiria na mzigo, jumla kilo 260. Kila mita 100 za kimo wanazoshuka huachia takribani kilojuli 255, kiasi kinachotosha kuchemsha zaidi ya robo tatu ya lita ya maji. Upepo na injini huchukua sehemu, na kinachobaki huishia kwenye breki. Boxer nyingi za bodaboda zina breki za dramu, ambazo zimefunikwa, kwa hiyo joto hukaa humo muda mrefu. Bitana ya breki shuu, yaani sehemu inayosugua, hushikanishwa kwa gundi maalumu. Gundi ikipashwa kupita kiasi huanza kuoza, msuguano hupungua, na dereva hukanyaga bila pikipiki kupunguza mwendo. Hapa sibishani na anayelipa zaidi kwa breki shuu za kampuni iliyotengeneza pikipiki. Mteremko ule si mahali pa kujaribia breki usiyoijua, na hata iliyo nzuri isaidiwe kwa kushuka na gia ndogo.

Kwenye cheni, hata jina kubwa hushindwa. Udongo wa uwanda huu una mchanga mwingi, na kwatzi iliyomo ni ngumu kuliko chuma kilichokomazwa. Watu husema cheni imevutika, ila chuma chake hakikuvutika: pini na vikombe vyake vimesagwa na mchanga, kila kiungo kikalegea kidogo. Cheni ya jina kubwa isiyo na kinga husagika pia, ingawa polepole zaidi. Inayodumu ni yenye vipete vya mpira kwenye viungo, vinavyozuia grisi isitoke na mchanga usiingie. Ukiongeza hela, iongeze kwa vipete hivyo.

Tatizo jingine ni kwamba jina huibwa. Sheria ya Alama za Bidhaa ni ya mwaka 1963, na Tume ya Ushindani hukamata bidhaa bandia, lakini boksi lililochapishwa vizuri bado humdanganya mtu anayetegemea pikipiki kulisha familia. Ndiyo maana napenda kuona dereva akikagua kitu chenyewe kabla ya kusoma boksi. Breki shuu zisiwe na nyufa, wala bitana isiachane na chuma. Cheni iliyokwisha fungwa, ishike katikati ya spoketi ya nyuma, uivute kuja nyuma: ikiinuka kutoka kwenye meno hadi nusu ya jino ionekane, imekwisha. Badilisha na spoketi zake zote mbili, kwa maana meno yaliyolika huimaliza cheni mpya haraka, iwe imeandikwa jina gani.