Baiskeli ya Baba Inashinda Wapi?

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, njia zinazoingia Bariadi kutoka Dutwa, Nkololo na Ngulyati zinajaa baiskeli. Mvulana wa kidato cha pili anaendesha kwa kusimama kwenye pedeli, maana kiti kilipimwa kwa miguu ya baba yake. Nyuma, kwenye karia, dada yake amekaa upande na mabegi mawili mapajani. Wakifika getini wanashuka, wanaisukuma ndani, kisha wanaanza kutafuta pa kuiweka. Hapo ndipo shule nyingi nilizozikagua mkoani Simiyu zinapokuwa hazina jibu.

Mimi ni mhandisi wa majengo. Katika michoro ya shule niliyowahi kuishika mkononi nimeona madarasa, maabara, maktaba, jengo la utawala, vyoo na wakati mwingine hata mahali pa gari la mkuu wa shule. Mahali pa baiskeli sijapaona, na jambo hili si dogo kama linavyoonekana kwenye karatasi.

Baiskeli ile si mali ya mwanafunzi. Ni ya nyumba nzima. Inabeba madumu ya maji, inapeleka mahindi mashineni, inamfikisha mgonjwa zahanati, na msimu wa pamba ukifunguliwa kuanzia Mei, inabeba mafurushi hadi kwenye mizani ya chama cha ushirika cha wakulima, AMCOS. Mtoto huazimwa tu. Jioni ikirudi, baba anaizunguka: anabonyeza tairi, anazungusha gurudumu la mbele kuona kama linayumba, anatazama kengele kama ipo. Ikirudi imepinda mara ya kwanza, mtoto anafokewa. Mara ya pili anaambiwa kesho atembee. Na kama nyumbani kuna wanafunzi wawili na baiskeli ni moja, anayeanza kunyimwa ni msichana.

Kutembea kwenyewe si kwa hatua chache. Wasukuma wengi wanakaa katika makazi yaliyotawanyika, kila kaya ikiwa na mashamba na malisho yake, na sekondari moja ya kata inapokea watoto wa vijiji kadhaa. Mkoa ulipoanzishwa mwaka 2012, sensa ya mwaka huo ilihesabu watu wapatao milioni 1.58, sensa ya 2022 ikakuta wamezidi milioni 2.1. Katikati hapo, mwaka 2016, elimu bila ada ikafungua milango ya sekondari kwa watoto ambao wazazi wao wasingemudu karo. Shule zimeongezwa na zinaendelea kuongezwa, lakini kwa mtoto wa Itilima au Meatu umbali bado ni umbali. Msichana anayetembea peke yake alfajiri ndiye anayesimamishiwa pikipiki na kupewa lifti. Sheria ya mwaka 2016 inayomfunga miaka 30 anayempa mwanafunzi mimba ipo na ina kazi yake, ila inafika baada ya madhara kutokea. Baiskeli inafika kabla.

Kusini mwa Zambia watafiti waliwafuatilia wasichana waliopewa baiskeli za kwendea shule. Muda wao wa safari ulipungua kwa karibu theluthi moja, na utoro ukashuka kwa asilimia 28. Ninachopenda kuwakumbusha wanaotaja utafiti huu ni kwamba baiskeli zile hazikutolewa kisha zikaachwa. Palikuwa na kamati za kuzisimamia na mafundi waliofundishwa kuzitengeneza. Chombo kilitunzwa, ndipo kikaleta matokeo hayo.

Turudi Bariadi. Katika shule moja ambayo sitaitaja nilikuta baiskeli thelathini na moja zimeegemezwa kwenye ukuta wa darasa, moja juu ya nyingine. Saa nane mchana kengele ilipolia, kijana mmoja ambaye yake ilikuwa ya nne kutoka ukutani alivuta usukani. Pedeli yake ilikuwa imenasa kwenye gurudumu la jirani. Akavuta kwa nguvu, na spoku mbili zikatoka. Baiskeli zote za upande ule zikaanguka kwa mpigo mmoja. Mwenye gurudumu lile hakuwepo; alikuja baadaye, akaiinua, akaona gurudumu linagusa uma, akaanza kuisukuma kwa miguu kuelekea kwao. Alikuwa msichana. Sikujua kwao ni umbali gani, ila jua lilikuwa kali na alikuwa ameshaanza kulia.

Kwa nini spoku zinavunjika kirahisi hivyo? Gurudumu la baiskeli lina nguvu ya ajabu kwa uzito unaotoka juu. Ndiyo maana linabeba gunia la mahindi bila kulalamika. Uzito ukija kutoka ubavuni, nguvu hiyo haipo. Kwa sababu hiyo hiyo nawasihi wakuu wa shule wasichomeleshe vile vyuma vifupi vyenye mianya ya kuingizia gurudumu la mbele pekee. Vinaonekana nadhifu na ni rahisi, lakini baiskeli ikisukumwa kidogo, mwili wake wote unaning'inia kwenye gurudumu moja. Kinachotakiwa kushikwa ni fremu.

Chuma kinachofaa hakina siri. Ni bomba lililokunjwa mfano wa geti dogo, kimo chake sentimita 75 hivi, na Waingereza wanakiita kwa jina la mji wa Sheffield. Baiskeli moja inaegemea upande huu, nyingine upande ule, na kufuli linapita kwenye fremu na gurudumu kwa pamoja. Kati ya bomba na bomba acha mita moja, kwa sababu usukani wa baiskeli zetu una upana wa sentimita 60 hivi na mwenye sketi anahitaji nafasi ya kusimama. Urefu wa baiskeli ni karibu mita mbili. Ukipanga mistari miwili inayotazamana, mabomba kumi kila mstari, na njia ya mita 1.8 katikati, baiskeli 40 zinaingia kwenye eneo la mita 10 kwa 6. Ni kama chumba kimoja cha darasa.

Shule isiyo na fedha za mabomba ianze na sakafu. Phoenix na ndugu zake, zile nzito zenye karia, nyingi huja na stendi ya miguu miwili inayoinua gurudumu la nyuma. Kwenye ardhi ngumu zinasimama zenyewe. Kwenye mchanga au tope stendi inazama na baiskeli inalala. Moramu iliyoshindiliwa vizuri, pamoja na boriti moja ndefu ya kufungia minyororo, tayari ni maegesho.

Lakini kabla ya kuchimba, tazama udongo. Wakulima wa Simiyu wanaujua kuliko sisi wahandisi: kuna luseni, mchanga wa miinukoni, na kuna mbuga, ule mweusi wa mabondeni. Kwenye luseni, shimo la sentimita 40 lenye zege linatosha kushika bomba. Udongo wa mbuga huvimba mvua zikinyesha, na kiangazi hupasuka hadi mkono unaingia. Bomba lililofukiwa peke yake litainama ndani ya misimu miwili. Hapo chomelea mabomba yote kwenye vyuma viwili virefu vinavyolala chini, kisha yaweke juu ya tabaka nene la moramu, ardhi ikivimba yainuke na kushuka kwa pamoja. Na kama kiwanja kina sehemu ya luseni, jenga huko.

Kivuli nacho si anasa. Hewa iliyofungiwa ndani ya mpira ikipata joto hutanuka, solusheni ya viraka hulainika, na tairi lenyewe hukakamaa na kupasuka kwa miale ya jua. Mwanafunzi aliyeacha gurudumu limejaa asubuhi anakuta pancha mchana bila kupita kwenye mwiba wowote. Mwarobaini mmoja mkubwa unatosha kwa kuanzia. Ukiezeka bati, paa liwe refu kutoka mashariki kwenda magharibi, ili jua la asubuhi na la jioni lipige ncha fupi tu, kisha funga mfereji wa kupeleka maji ya mvua kwenye tangi. Shule ya Simiyu isiyohitaji maji sijaiona.

Mahali pawe mbele, panapoonekana kutoka ofisi ya walimu, si nyuma ya vyoo. Mwizi haogopi kufuli kama anavyoogopa dirisha lenye mtu. Kila bomba liandikwe namba kwa rangi, na kiranja wa zamu awe na daftari.

Kuhusu idadi, usihesabu zilizo ndani ya uzio peke yake. Nenda kwa fundi baiskeli aliye jirani, nenda dukani, nenda kwenye nyumba zilizo karibu na geti. Utakuta baiskeli za wanafunzi zimehifadhiwa huko, nyingine kwa malipo, kwa sababu wenyewe hawaiamini shule yao.

Kidato cha kwanza huripoti Januari. Mjumbe wa bodi ya shule, mkuu wa shule, mwenyekiti wa kijiji: kabla ya siku hiyo wananchi wanaweza kuleta mawe, mchanga na moramu, na fundi wa kuchomelea aliye mjini anaweza kukunja mabomba kumi. Liwekeni jambo hili kwenye ajenda ya kikao kijacho, na mwalikeni yule baba mwenye baiskeli aje aseme.