Fahamu: Msuluhishi hufunguaje kikao cha mahasimu?

Tangu kundi la waasi la M23 lilipoutwaa mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, mwishoni mwa Januari 2025, wakazi wamesikia mengi kuhusu mazungumzo ya Doha kati ya serikali na kundi hilo, yanayosuluhishwa na Qatar. Je, msuluhishi akishawaketisha mahasimu, huanzia wapi?

Kwanza hueleza kazi yake: yeye si hakimu, na uamuzi ni wa wenye ugomvi. Huhakikisha kila ujumbe una mamlaka ya kuwasemea waliowatuma, kisha huafikiana nao kuhusu siri ya kikao na zamu za kusema. Ndipo kila upande hueleza madai yake bila kukatizwa. Hapo ndipo pagumu, maana aliyezika ndugu zake hatulizwi na ratiba. Msuluhishi mzuri humwacha aseme, halafu hurudia alichosikia kwa maneno yasiyochoma.

Lakini kuwafikisha mezani ni kazi nzito zaidi. Serikali ya Kongo mjini Kinshasa ilikataa kwa muda mrefu kuzungumza na M23 ana kwa ana. Machi 2025, kikao cha pande hizo mbili mjini Luanda, Angola, kilivunjika kabla ya kufunguliwa: M23 ilijitoa siku moja kabla, ikilalamikia vikwazo vya Umoja wa Ulaya dhidi ya viongozi wake.

Goma nayo iliwahi kuwa mwenyeji. Januari 2008, Padri Apollinaire Malu Malu aliongoza hapo mkutano mkubwa wa amani ya majimbo ya Kivu Kaskazini na Kivu Kusini. Makundi yenye silaha, likiwemo CNDP la Laurent Nkunda, yalitia saini ahadi ya kusitisha mapigano tarehe 23. Kufikia Agosti, vita vilikuwa vimerejea.