Herufi Isiyo na Kitufe

Watoto wa Kindu, tazameni kichwa cha barua yoyote ya serikali: RÉPUBLIQUE DÉMOCRATIQUE DU CONGO. Mmeziona zile E mbili zenye alama juu? Haya, tafuteni kitufe cha hiyo É kubwa kwenye kompyuta.

Hakuna.

Kibodi zetu za AZERTY zimeiweka é ndogo kitufe kimoja na tarakimu 2. Gusa, inatoka é. Shikilia kitufe cha herufi kubwa uguse tena, inatoka 2! Nafasi ya É imeshakaliwa. Basi wachapaji wengi huandika REPUBLIQUE, mambo yakaisha. Mimi sikubali, jina la nchi liandikwe lote.

Njia ipo, kwa sababu kompyuta haijui herufi hata moja. Inajua namba tu, kama mwalimu anayewaita wanafunzi kwa namba zao za daftarini. A ni 65, B ni 66. Wamarekani waliipanga orodha hiyo mwaka 1963, wakaiita ASCII. Ilikuwa na nafasi 128, na É haikuwamo, maana Kiingereza hakikuihitaji. Kompyuta ya IBM ya mwaka 1981 ikaja na orodha ya nafasi 256, na humo É ikapewa 144. Baadaye Windows ikaleta orodha yake. Humo É ni 201.

Sasa fanyeni hivi. Washeni Verr Num. Shikilieni Alt, pigeni 144 kwenye vitufe vya namba vya upande wa kulia (vile vya juu ya herufi havisaidii), kisha achieni Alt. É hiyo! Au pigeni 0201. Sifuri ya mbele si pambo: ndiyo inayoiambia mashine isome orodha ya Windows. Ukiisahau, ukapiga 201 peke yake, itatoka ╔, kona ya kuchorea visanduku.

“Na ɛ ya Kilingala, Yaya?”

Hiyo imo kwenye Unicode, orodha kubwa iliyoanza kutolewa mwaka 1991 ili ikusanye maandishi ya dunia nzima. Namba ya ɛ ni 603, na ya ɔ ni 596. Lakini ukipiga Alt na 603, programu nyingi bado huhesabu kwa 256. Toeni 256 kwenye 603, toeni 256 tena: inabaki 91, na 91 ni alama ya [. Kwa hiyo ɛ msiipigie namba. Fungueni Table des caractères ndani ya Windows, muitafute humo, muinakili.