Kuunda na Kuundua: Istilahi za Uhai wa Kitu katika Lugha ya C++

Dhana ya darasa katika uandishi wa programu ilianzia Oslo, katika lugha ya Simula 67 iliyobuniwa na Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard. Bjarne Stroustrup alianza kuihamishia kwenye lugha ya C mwaka 1979, na mwaka 1983 zao la kazi hiyo likapewa jina la C++. Anayeifundisha kwa Kiswahili hukabiliwa na suala la istilahi, na istilahi mbovu hapa huweza kuzaa programu mbovu.

Kiundaji ni sehemu ya darasa inayotekelezwa kitu kinapozaliwa. Hubeba jina lilelile la darasa, na ndicho hukiombea kitu nafasi ya ziada katika kumbukumbu inapohitajika. Neno hili halina tatizo. Kuunda chombo ni msamiati wa kale wa mafundi wa majahazi. Utata umo katika kinyume chake. "Kibomoaji" ndilo jina linalojitokeza upesi, lakini kubomoa hakudokezi utaratibu wowote. Kauli ya kutendua, kama katika funga na fungua, kunja na kunjua, hulirudisha tendo nyuma. Ndivyo ifanyavyo C++: vitu vya ndani ya bloku moja huondolewa kwa kinyume cha mfuatano wa kuundwa kwavyo. Kwa hiyo "kiunduaji" chafaa zaidi, ingawa sikio litahitaji muda kukizoea.

Mfano ni darasa la Matini, ambalo kila kitu chake kina kielekezi cha mahali herufi zilipohifadhiwa. Kitu hicho kikinakiliwa bila maelekezo maalumu, kinachonakiliwa ni kielekezi tu, si herufi. Vitu viwili hubaki vikimiliki hifadhi moja. Vyote vikiunduliwa, hifadhi hiyo huachiliwa mara mbili, na mwenendo wa programu hautabiriki tena. Dawa ni kuandika kiundaji cha kunakili, pamoja na kuipa alama ya = maana mpya, ili herufi zenyewe zinakiliwe.

Hapo ndipo opereta hubebeshwa maana. Jambo hili si geni kwa msemaji wa Kiswahili: "na" katika "Asha na Juma" huunganisha, katika "aliitwa na Juma" humtambulisha mtenda, na maneno jirani ndiyo yanayoamua. Vivyo hivyo, alama ya + hujumlisha namba na kuunga matini. Hata hivyo, "na" ilipata maana zake bila kuamriwa na mtu, ilhali C++ humruhusu mwandishi kuzitunga, mradi angalau upande mmoja uwe wa aina iliyobuniwa katika programu. Java, iliyotolewa 1995, ilimnyima ruhusa hiyo na kuukabidhi mfumo wenyewe usafishaji wa kumbukumbu. Huko kiunduaji hakina kazi.