Mhafidhina wa Bariadi Huhifadhi Nini?

Ndugu msomaji, yako maneno yanayoingia majumbani mwetu kwa redio na magazeti, yakakaa sebuleni kama mgeni aliyekwisha kunywa chai, wala hakuna aliyemwuliza ametoka wapi. Neno mojawapo ni "mhafidhina". Tunasoma kwamba huko Uingereza chama cha Wahafidhina kimeshinda au kimeshindwa; tunasikia kwamba katika jimbo fulani la Marekani mgombea mhafidhina anawania kiti cha bunge la jimbo lake. Mtoto wa darasa la saba akimwuliza babaye, "Je, kwetu nako wapo?", baba hukohoa kidogo, akataka gazeti lake.

Makala hii inakusudia kumsaidia baba huyo. Nayo itamjibu kwa kumpeleka Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, kwa kuwa huko wapiga kura walipata kumpeleka Bungeni mtu ambaye, kwa vipimo vya Ulaya na Marekani, wengi wangemwita mhafidhina. Lakini kwa vipimo vyetu mambo hayakuwa mepesi hivyo.

Kwanza tuondoe utata wa neno "jimbo". Marekani ni shirikisho la majimbo 50, na kila jimbo lina gavana wake na bunge lake la kutunga sheria. Kwetu Tanzania jimbo ni eneo la uchaguzi tu. Mkoa hauna bunge; una Mkuu wa Mkoa anayeteuliwa na Rais. Zanzibar wanalo Baraza la Wawakilishi, lakini mkazi wa Bariadi, katika utungaji wa sheria, ana mahali pawili tu pa kuipeleka kura yake: kwa diwani, ambaye baraza lake hutunga sheria ndogo za halmashauri, na kwa mbunge. Ndiyo maana kiti cha ubunge huko kina uzito mkubwa, na anayekiwania hupimwa kwa makini.

FUNZO LA NGITILI

Neno mhafidhina limetoka katika kuhifadhi. Msukuma anaielewa maana hiyo bila kufungua kamusi, kwa kuwa analo neno lake mwenyewe: ngitili. Hilo ni eneo la malisho linalofungwa wakati wa mvua, mifugo isikanyage humo, ili majani yakue na kubaki kuwa akiba ya kiangazi. Ng'ombe wa nje wakiisha kumaliza nyasi, ndipo ngitili hufunguliwa. Mwenye ngitili hujinyima leo ili kesho asiaibike.

Utaratibu huo uliwahi kupata pigo. Wakati wa Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, kaya nyingi za Usukuma zilihamishiwa katika vijiji vipya, mbali na mashamba na malisho yao ya zamani. Ngitili nyingi ziliachwa, miti ikakatwa, ardhi ikabaki tupu. Kuanzia mwaka 1986 mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ujulikanao kwa jina la HASHI, uliwahimiza wananchi wazifufue, nao wakazifufua kwa maelfu ya hekta. Siku hizo Bariadi ilikuwa bado ndani ya Mkoa wa Shinyanga. Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012.

Tuzingatie siri ya mafanikio hayo. Watu walikubali kufunga malisho pale walipoamini kwamba majani yatakayoota yatakuwa yao, au ya kijiji chao. Mtu hahifadhi kwa moyo mmoja kitu asichokuwa na hakika nacho. Huo ndio uhafidhina wa mkulima na mfugaji, nao ulikuwapo Bariadi kabla ya vyama vingi.

UTAJIRI WAPANDA JUKWAANI

Wasomaji wa makamo watakumbuka jinsi kampeni zilivyokuwa zamani. Katika uchaguzi wa mwaka 1965, wa kwanza chini ya mfumo wa chama kimoja, wagombea wawili wa TANU walisimama jukwaa moja katika mikutano iliyoandaliwa na Chama. Mmoja alipewa alama ya jembe, mwingine alama ya nyumba. Hapakuwa na nafasi ya mtu kuringia fedha zake. Mwaka 1967 Azimio la Arusha likaja na miiko ya uongozi: kiongozi asiwe na hisa katika makampuni, asipangishe nyumba, asipokee mishahara miwili. Tangu hapo utajiri wa kiongozi ukawa jambo la kufichwa kama jipu.

Huko vijijini mkulima wa pamba alikuwa na hesabu zake. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, na ununuzi wa pamba ukawekwa mikononi mwa mamlaka ya zao hilo. Sheria ya mwaka 1982 ikarudisha ushirika, lakini mara kwa mara mkulima alipima pamba yake, akarudi nyumbani na karatasi badala ya fedha, akangoja. Aliyengoja fedha hizo huku ada ya shule ikidaiwa na dawa ikihitajika, hakuhitaji mtu wa kumweleza thamani ya shilingi iliyo mfukoni.

Halafu mambo yakageuka. Mwaka 1991, kule Zanzibar, CCM ililegeza miiko ile ya uongozi. Mwaka 1992 Katiba ikarekebishwa na vyama vingi vikaruhusiwa. Mwaka 1994 biashara ya pamba ikafunguliwa kwa wanunuzi binafsi. Na mwaka 1995, katika uchaguzi mkuu wa kwanza wa vyama vingi tangu mfumo ule urudi, akasimama mfanyabiashara John Momose Cheyo, mwenyekiti wa chama cha UDP, akagombea urais huku akizungumzia pesa waziwazi. Alitaka wananchi wajazwe pesa mifukoni. Nao wakampa jina ambalo halijamtoka hata leo, Bwana Mapesa.

Wapo waliocheka. Lakini mkulima aliyewahi kurudi nyumbani na karatasi hakucheka sana.

Hapa ndipo neno letu linapoanza kuyumba. Kule Uingereza au Marekani, mtu anayetetea mali binafsi na biashara huru huitwa mhafidhina, kwa sababu mambo hayo ndiyo desturi ya nchi yake. Kwetu mwaka 1995 desturi ya nchi ilikuwa ujamaa. Aliyetetea mali binafsi ndiye aliyeonekana mleta mageuzi, na aliyelinda mambo ya zamani ndiye aliyeshika bendera ya usawa. Ukitaka kumwita mtu mhafidhina, basi, sharti kwanza useme umesimama wapi.

KURA MBILI ZA MKONO MMOJA

Katika taifa zima Bwana Mapesa hakutisha. Mwaka 1995 alipata asilimia 3.97 ya kura za urais. Mwaka 2000 alipata asilimia 4.20. Hata hivyo, katika kila uchaguzi kati ya hizo mbili, chama chake kilijipatia viti vitatu vya majimbo. Kura chache zikitawanyika nchi nzima ni kama manyunyu juu ya mchanga. Zikikusanyika mahali pamoja hujaza mtungi. Mtungi wa UDP ulikuwa Bariadi na jirani zake.

Mwaka 2005 ulileta jambo la kuvutia zaidi. UDP haikusimamisha mgombea urais. Jakaya Kikwete wa CCM alishinda kwa zaidi ya asilimia 80 ya kura. Lakini jimbo la Bariadi Mashariki lilimchagua Cheyo kuwa mbunge, naye akawa mbunge pekee wa jimbo kutoka chama chake. Mwaka 2010 ikawa vivyo hivyo: UDP haikuwa na mgombea urais, na Cheyo akashinda tena Bariadi Mashariki. Jirani yake, Bariadi Magharibi, ilimchagua Andrew Chenge wa CCM, aliyepata kuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali.

Fikiri, ndugu msomaji, maana ya jambo hilo. Mpiga kura aliyemchagua Cheyo katika miaka hiyo miwili, kama alipiga kura ya urais, sharti aliipiga kwa chama kingine. Mkono uleule, katika chumba kilekile, ulitia alama mbili tofauti. Mtu wa mjini hupenda kudhani kwamba mwanakijiji hufuata rangi ya bendera. Bariadi Mashariki walionyesha kwamba mwanakijiji aweza kumpima mtu peke yake na chama peke yake, kama apimavyo ng'ombe mnadani bila kumwangalia anayemswaga.

Tena wakati huo vyama havikuwa na imani ya kudumu mahali popote katika eneo hilo. Mwaka huohuo wa 2010, Maswa Mashariki, Maswa Magharibi na Meatu zilichagua wabunge wa CHADEMA. Mwaka 2015 upepo ukageuka: CCM ikachukua majimbo yote ya Mkoa wa Simiyu, na UDP haikupata kiti cha jimbo hata kimoja nchini.

KUTOKA MFUKONI HADI DAFTARINI

Basi mgombea wa mapesa, alipofika Bungeni, alifanya nini? Mbunge mmoja wa chama kidogo hawezi kumjaza mtu yeyote pesa mfukoni. Hana wizara, hana bajeti, na kura yake ni moja kati ya zaidi ya mia tatu. Ahadi ni deni, na deni hilo lilikuwa kubwa kuliko mdaiwa.

Lakini ipo kazi nyingine. Kwa desturi ya Mabunge ya Jumuiya ya Madola, kamati inayokagua matumizi ya Serikali huongozwa na mbunge wa upinzani, ili mwenye ghala asijikague mwenyewe. Katika kipindi chake cha ubunge Cheyo aliiongoza Kamati ya Hesabu za Serikali. Kamati hiyo hupokea ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ikawaita maofisa wakuu wa wizara, ikawataka waeleze fedha zilivyotumika, risiti ziko wapi, na kwa nini jengo lililolipiwa halijasimama.

Kazi hiyo haina ngoma wala vigelegele. Hata hivyo, ndiyo iliyo karibu zaidi na maana ya asili ya neno letu. Kodi inayokatwa katika mshahara wa mfanyakazi wa kiwandani, na ushuru unaotozwa katika pamba ya ndugu yake kule Bariadi, vyote huingia katika ngitili ya umma. Anayelinda ua wa ngitili hiyo, asipite mtu usiku na ndama wake, ni mhafidhina wa haki, awe wa chama chochote. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari.

SI KILA LA KALE NI LA KUTUNZWA

Hapa yafaa tahadhari, hasa kwa kuwa ukurasa huu ni wa familia. Mgombea yeyote, mahali popote, aweza kupanda jukwaani na kusema, "Nitalinda mila zetu." Watu watapiga makofi. Swali ni hili: mila ipi?

Usukumani mahari hutolewa kwa ng'ombe, na binti amekuwa chanzo cha mifugo ya nyumba nyingi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, na miaka 14 kwa kibali cha mahakama. Mwaka 2016 Mahakama Kuu iliamua kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume cha Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikauthibitisha uamuzi huo. Basi mtu anayedai kuhifadhi familia aulizwe kama anamhifadhi binti, au anahifadhi zizi. Ngitili yenyewe inatufundisha kwamba ndama hachinjwi kwa ajili ya karamu ya siku moja.

Kuhifadhi, kwa hiyo, si sifa peke yake wala si kosa peke yake. Mwenye nyumba huhifadhi mbegu. Panya naye huhifadhi shimo lake.

MASWALI YA MEZANI

Mfanyakazi unayeishi Dar es Salaam au Mwanza, na mizizi yako iko Simiyu, huwezi kupiga kura Bariadi ikiwa umejiandikisha Temeke au Nyamagana. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Lakini simu yako inafika, na neno la mtoto anayetuma fedha za pembejeo husikilizwa na wazee. Pia huko uliko wapo wagombea, nao watakuja kugonga mlango wako.

Wakija, usihangaike kwanza kujua kama ni wahafidhina au wanamageuzi. Keti na mwenzio, waite watoto wakubwa, mwulizane mambo matatu. Mtu huyu anataka kuhifadhi kitu gani? Kitu hicho ni cha nani: ni chake, ni cha wachache, au ni chetu sote? Na tukishamfungulia mlango wa Bunge, daftari lake tutaliona kwa njia gani?

Wapiga kura wa Bariadi Mashariki walimkopesha mtu mmoja kiti kwa miaka kumi. Hawakumpa hati ya kukimiliki. Wakati ulipofika, kiti kilikwenda kwa wengine. Huenda walikosea walipompa, huenda walikosea walipomnyima. Hilo ni lao kuhukumu. Lakini mtoto wako wa darasa la saba sasa aweza kujibiwa: ndiyo, kwetu nako wapo wanaohifadhi, na kazi ya mpiga kura ni kwenda kuutazama ua, aone umezungushiwa nini.